Gesi ya AC haiishi

Gesi ya AC haiishi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikosanisha na wateja wengi hapa Moshi, na ndilo linalowatoa pesa bure. Mtu ana AC chumbani mwaka wa nne sasa, na kila Januari joto likipamba moto anampigia fundi simu: njoo ujaze gesi. Fundi anakuja na mtungi begani, anafunga geji ya presha, anapuliza kidogo, anaondoka na laki moja. Mashine inapoza wiki mbili tatu, halafu mambo yanarudi kule kule. Mwenye nyumba anaamini AC ndivyo zilivyo, zinakunywa gesi.

Hazinywi. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande. Kompresa inaisukuma mpaka nje ikiwa ya moto, feni inaipuliza, joto linatoka, inageuka kimiminika. Inapita kwenye njia nyembamba sana, presha inashuka ghafla, inaingia ndani ikiwa baridi, inabeba joto la chumba chako, inakuwa gesi tena na kurudi kwenye kompresa. Haiungui wala haigeuki kitu kingine. Gesi iliyotoka nayo kiwandani ndiyo inayotakiwa kuwemo hata siku unayoitupa mashine. Ikipungua, pana mahali panavuja, na fundi aliyekuongezea bila kupatafuta mahali hapo amekuuzia kitu ambacho kitatoka tena.

Misingi ya kazi hii niliipata kwenye chuo cha ufundi hapa nyumbani, lakini kazi yenyewe niliijulia Muscat, nchini Oman, kwenye karakana ndogo mtaa wa Ruwi. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, ambaye familia yake iliondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Watu wa namna hiyo ni wengi Muscat. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, wengi walirudi nchi ya babu zao wakiwa na Kiswahili chao mdomoni. Mimi Mchagga nilikwenda nikiwaza namna nitakavyopambana na Kiarabu, nikamkuta bosi anagombeza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Watu wa Moshi wakilalamikia joto huwa nawaitikia tu. Sisemi hakuna joto: mji uko chini, mita mia nane na kitu juu ya bahari, na Februari kipimo kikisoma nyuzi 33 au 34 huku hakuna jani linalotikisika, lawama ni halali. (Wa Arusha waliopo mita 1,400 wanaoniuliza wanunue AC gani huwa nawaambia wanunue feni, pesa iliyobaki waezekee dari vizuri.) Lakini kule Muscat mwezi Juni nyuzi 45 si habari ya kumsimulia mtu. Mwishoni mwa Juni 2018, mji wa Quriyat, ulio pwani kusini-mashariki ya Muscat, ulikaa saa 24 bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku wa manane ukiwemo. Maji ya bombani yanatoka ya moto bila hita, maana matanki yako juu ya paa. Sheria ya kazi inakataza watu kufanya kazi juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Juni mpaka Agosti, kwa hiyo sisi tulikuwa tumeshapanda juu ya mapaa kabla jua halijachomoza.

Katika nchi kama ile AC si starehe. Ikizima usiku mtoto hawezi kulala na mgonjwa anahatarishwa, na simu ya fundi haipumziki. Inafanya kazi mchana na usiku kwa karibu nusu mwaka bila kupoa. Ndiyo maana ukitaka kujua AC inakufaje, jangwani ndiko kwa kutazama, maana kila kosa ambalo hapa litachukua miaka mitano kujitokeza, kule linajitokeza kwa kiangazi kimoja.

Na inakufaje? Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto hewani. Ili joto litoke kwenye koili (yale mabomba yaliyokunjwa yenye mapezi ya alumini) kwenda hewani, lazima koili iwe na joto kuliko hewa hiyo. Hewa ikiwa nyuzi 30, kazi ni nyepesi. Ikiwa 46, kompresa inalazimika kuisukuma gesi kwa presha kubwa zaidi, inavuta umeme mwingi zaidi na yenyewe inachemka. Kuna viwango vya kimataifa vya hali hizo: mashine iliyopimwa kwa T1 imepimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 35, ya T3 imepimwa kwenye nyuzi 46. Ukienda na mashine ya T1 Muscat, mchana wa Julai inajizima yenyewe kujiokoa. Sasa chukua koili hiyo hiyo, iliyoelemewa tayari, uivike blanketi la vumbi. Upepo wa shamali unaleta vumbi laini kama poda, linaingia katikati ya mapezi ya alumini na kukaa. Karibu na bahari kuna unyevu na chumvi, vumbi linageuka tope linalokauka kwenye koili, na chumvi inaendelea kuyala mapezi taratibu mpaka ukiyagusa yanakatika kidoleni. Ukienda ndani, Nizwa au Ibri, hewa ni kavu, bomba la maji la AC halitoi kitu cha maana, lakini vumbi lenyewe utalitoa kwa magunia.

Kilichokuwa kinatangulia kufa ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa na feni kuanza. Joto linakivimbisha juu, mashine ya nje inabaki inanguruma bila kuzunguka, na mwenye nyumba anaapa kompresa imekufa. Unabadilisha kikopo, inaamka. Baada ya kapasita hufuata mota ya feni, na ya mwisho ni kompresa, na ikishafikia hapo mara nyingi ni afadhali kununua mashine nyingine.

Mzee alikuwa na amri moja karakanani kwake: hakuna kufunga geji kwenye AC ambayo haijaoshwa. "Skiza mwanangu," alikuwa akisema, "hii si gesi ya mtungi wa jiko, useme imepikiwa ikesha. Kwanza osha. Ikishakuwa safi, hapo ndo uniambie ina maradhi gani." Mafundi wapya walikuwa wanaona anawachosha bure. Paa zima la mashine, jua linapanda, na yeye anataka kila koili ioshwe ndipo mtu aguse kipimo. Lakini hesabu zake zilikuwa sawa, na nitaeleza kwa nini, maana kosa hilo hilo ndilo linaloua AC za Moshi.

Chujio la ndani likiziba, hewa ya chumba haifiki vizuri kwenye koili baridi. Gesi inakosa joto la kubeba, inarudi kwenye kompresa presha ikiwa chini. Fundi akifunga geji anaona sindano imelala, anasema gesi imepungua. Anaongeza. Sindano inapanda, anaridhika, anakunja vitu vyake. Sasa mashine ina gesi nyingi kuliko ilivyotengenezwa kubeba. Siku chujio likisafishwa, au joto la nje likipanda, kompresa inasukuma mzigo usio wake, inavuta umeme kupita kiasi na maisha yake yanakatika katikati. Tena dalili zinafanana. Gesi ikiwa imevuja kweli, unaweza kukuta barafu. Chujio likiwa limeziba, unaweza kukuta barafu pia. Nikiangalia, barafu ikiwa imeanzia kwenye bomba jembamba nashuku uvujaji. Ikiwa imeganda kwenye bomba nene na koili nzima ya ndani, huwa nashuku hewa haipiti. Ila hata hapo sisemi neno kabla ya kuosha.

Mwaka jana niliitwa nyumba moja Shanty Town, kwa mama mstaafu. Nikaamkia, akanikaribisha, na kabla sijaweka begi chini akawa ameshanipa maelekezo.

"Fundi, wewe jaza gesi tu. Mwaka jana walijaza, mwaka juzi walijaza. Mimi nimeizoea hiyo gharama."

"Sawa mama, lakini kwanza niifungue niiangalie."

"Kuifungua ni shilingi ngapi tena?"

Nikamwambia kuosha ni 35,000, na kama baada ya hapo gesi haihitajiki, halipii gesi. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshauziwa maneno mengi. Akasema haya.

Nilipofunua mfuniko, chujio lilikuwa limevaa sufi ya kijivu, nzito kiasi kwamba ungeweza kuikunja kama kitambaa. Hiyo ni ya kawaida. Shida kubwa ilikuwa nyuma yake. Ile feni ndefu ya mviringo inayosukuma hewa ina mapezi madogo madogo yaliyopinda, na kila pezi lilikuwa limejaa tope jeusi mpaka halina umbo. Feni kama hiyo inazunguka lakini haisukumi kitu. Kwenye sinia la maji kulikuwa na utelezi wa kijani, na ndani ya bomba la kutoa maji pamejaa utelezi huo huo. Ndiyo maana ukuta ulikuwa na doa la njano chini ya mashine, ambalo yeye alidhani ni bati linavuja. Nikafunga mfuko wa plastiki chini, nikalinda sehemu ya umeme, nikapiga dawa, nikasubiri, nikaanza kuosha kwa pampu ya mkono. Ndoo ya kwanza ilijaa maji meusi tititi. Yule mama akaja kuangalia, akarudi jikoni bila kusema kitu, akaja tena na mjukuu wake ili naye aone.

Mashine ya nje ilikuwa nyuma ya nyumba, imepandiwa ua wa majani mbele ili isionekane. Ua unapendeza, ila feni inatakiwa itupe hewa ya moto mbali, na hapo hewa iligonga majani ikarudi kuvutwa tena na koili ile ile. Tukakata matawi.

Baada ya kuosha nikaiwasha, nikafunga kipimo cha ampea kwenye waya wa kompresa. Kilisoma juu ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Nikafunga geji: presha imezidi. Miaka yote miwili alikuwa ameuziwa gesi isiyohitajika. Kazi yangu siku hiyo ikawa kuipunguza, nikaivuta ndani ya mtungi wangu mtupu mpaka ampea zikarudi mahali pake. Hewa inayoingia kwenye mashine ilikuwa nyuzi 29, inayotoka 18. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12 huwa natosheka.

"Kwa hiyo unanidai shilingi ngapi ya kutoa gesi?" akaniuliza.

Sikumdai. Alinipa parachichi mfuko mzima.

Sitaki kuwasema vibaya mafundi wenzangu wote. Wapo wazuri mjini hapa, na wengine ni wazuri kuliko mimi kwenye bodi za umeme. Lakini kanjanja tunao, na biashara yao imesimama kwenye neno "gesi" kwa sababu ndilo mteja analolifahamu. Kuosha kunaonekana kama kazi ya houseboy, gesi inaonekana utaalamu.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapa ndipo Moshi na Muscat zinapotofautiana kabisa.

Oman umeme wa majumbani ulikuwa na ruzuku kubwa. Kwa miaka mingi uniti moja (kilowati moja kwa saa moja) ilikuwa baisa 10 hadi mtu afike uniti 3,000 kwa mwezi. Riali moja ni baisa 1,000, na riali imefungwa kwenye dola kwa takriban dola 2.60. Piga hesabu, ni senti mbili na nusu hivi za dola kwa uniti. Baadaye bei zikaanza kubadilishwa, lakini tabia ya watu ilishajengeka. Mwenye nyumba wa kule hakuogopa bili ya umeme, aliogopa mashine kufa Julai. Ndiyo maana walikubali kulipia sevisi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kiangazi na baada yake, wengine na kusafisha chujio kila mwezi. Walikuwa wanainunulia mashine uhai.

Hapa kwetu mashine haifi haraka. Inafanya kazi usiku, miezi mitatu minne, hewa ya nje mara nyingi haizidi nyuzi 30. Kwake hiyo ni likizo. Kinachokufa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo, D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukishafunga AC hiyo isahau, utahamia T1, shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT, makato ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (wasimamizi wa bei za nishati) unafika karibu 356. (T1 hii haihusiani na ile T1 ya joto niliyoieleza juu. Kuna mteja aliwahi kuniuliza kama akinunua AC ya T3 TANESCO watampandishia bei.)

Tuchukue AC ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), isiyo ya inverta, yaani kompresa yake inazunguka kwa kasi moja tu. Kompresa ikiwa inazunguka inakula karibu kilowati 1.1. Ukiiwasha saa nane za usiku, mashine safi kwenye chumba kilichofungwa vizuri haizunguki muda wote. Inafikia baridi uliyoiomba, kompresa inapumzika, inaamka tena. Tuseme inafanya kazi theluthi mbili ya muda. Hizo ni uniti kama 5.9, shilingi 2,000 na kidogo kwa usiku, sitini na kitu elfu kwa mwezi. Sasa mashine hiyo hiyo ikiwa chafu haifikii kamwe baridi uliyoiomba. Kompresa haipumziki. Saa nane zote ni uniti 8.8, zaidi ya shilingi 3,100 kwa usiku, elfu tisini na kitu kwa mwezi. Tofauti ni elfu thelathini kwa mwezi, yaani karibu bei yangu ya kuiosha. Kwa mtu anayeitumia Desemba mpaka Machi, uchafu unaweza kumla laki moja na zaidi kimya kimya, na chumba hakipoi vizuri hata hivyo. Hata kama chafu yako si mbaya kiasi hicho, Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kubadilisha tu chujio lililoziba kunaweza kupunguza umeme wa AC kwa asilimia 5 hadi 15. Chujio unaliosha mwenyewe bombani, bure.

Hilo ndilo ninalotaka mtu aondoke nalo kwangu hata asiponiita tena. Oman uchafu unaua mashine kwa kishindo, kila mtu anauona, kwa hiyo kila mtu anaosha. Moshi uchafu unakula LUKU kidogo kidogo, hakuna anayeuona, kwa hiyo watu wanalipia gesi.

Uvujaji upo, tena mwingi, na nikiukuta nasema. Karibu mara zote uko kwenye zile nati za shaba zinazounganisha mabomba ya kopa na mashine, na sababu yake ni siku ya kufungwa. Mdomo wa bomba haukupanuliwa sawasawa, au nati imekazwa kwa nguvu za kifuani mpaka kopa ikapasuka. Povu la sabuni linatosha kulionyesha: paka, subiri, angalia panapovimba. Rekebisha mdomo, ndipo ujaze, tena kwa mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Anayejaza kwa kusikiliza sauti ya kompresa anabahatisha.

Kuna jambo jingine la siku ya kufungwa ambalo wateja hawalijui, na ningeomba walisimamie kwa macho. Mabomba yakishaunganishwa, ndani yake kuna hewa na unyevu. Fundi anatakiwa afunge pampu ya vakyumu aivute yote, aache pampu izunguke nusu saa au zaidi, aizime, aangalie kama kipimo kinasimama. Wengi hapa wanafungua gesi kidogo, wanaisukuma hewa itoke upande wa pili, pssss, wanasema tayari. Hewa haitoki yote na unyevu haujaguswa. Unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa unatengeneza asidi, na presha haikai sawa maisha yote ya mashine. Kama fundi wako amekuja kufunga AC bila pampu ya vakyumu, mpe maji ya kunywa umshukuru, aende zake.

Kuhusu kununua sitasema mengi. Chumba cha kawaida cha kulala, mita tatu kwa nne, BTU 9,000 zinatosha na 12,000 ni nyingi; mashine kubwa kupita chumba inapoza haraka, inazima kabla haijatoa unyevu, inawaka na kuzima usiku kucha. Inverta ni ghali dukani lakini kwa bei ya umeme wetu inajilipa kama unaitumia kweli. T1 inatosha Moshi, usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya T3. Na AC za mtumba, hasa zinazotumia R22, achana nazo hata ukipewa bei chee. Hiyo gesi inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimepangiwa kuacha kuiingiza ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Kila mwaka itakuwa adimu zaidi na ghali zaidi. Nyingi za sasa zina R410A au R32. R410A haitoboi ozoni lakini kilo yake moja ikiachiwa hewani inapasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi, na ndiyo maana nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 zikakubaliana kuzipunguza na gesi za aina hiyo. R32 athari yake ni kama theluthi moja ya hapo, ila inaweza kushika moto, hivyo fundi anayevuta sigara huku anaiunganisha muondoe nyumbani kwako.

Yako maradhi mawili ambayo Oman sikuyaona sana, na hapa ndiyo kila siku. La kwanza ni umeme kupanda na kushuka. Umeme ukishuka sana, kompresa inajaribu kuanza inashindwa, inaungua. Funga kifaa cha kulinda, kile chenye kuchelewesha dakika tatu hivi kabla ya kuruhusu umeme upite. Dakika hizo si urembo, ni muda wa presha za pande mbili kusawazika ili kompresa isianze ikiwa imebanwa. La pili ni mijusi. Mjusi anapenda joto la bodi ya umeme ya mashine ya nje, anaingia kwenye tundu la waya, anakanyaga mahali pasipofaa, anakufa na bodi yako. Bodi moja inaweza kukugharimu laki na nusu na kuendelea. Kuziba tundu kwa silikoni ni shilingi elfu chache.

Mwenyewe nyumbani, toa chujio kila baada ya wiki mbili msimu wa vumbi, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, rudisha. Weka 25, usiweke 16. AC isiyo ya inverta haipozi haraka zaidi kwa kuwekwa 16, inachelewa tu kupumzika. Mwagia maji koili ya nje kwa mpira wa bustani, presha ndogo, mashine ikiwa imezimwa kwenye swichi kubwa. Usitumie ile mashine ya kuoshea magari, inalaza mapezi yote na hapo utaniita kweli. Maji yakidondoka ndani ya chumba, tatizo ni bomba lililoziba, si gesi.

Na ukiita fundi, awe mimi au mwingine, muulize anaanza na nini. Akisema geji, mwambie aoshe kwanza. Akisema gesi imepungua, mwambie akuonyeshe inapovuja. Akikuonyesha povu linavimba, lipa bila kinyongo.

Mwisho, suala la majira. Juni na Julai Moshi inapoa, watu wanavaa masweta, hakuna anayekumbuka AC. Huo ndio wakati wa kuosha: mashine imelala, fundi ana nafasi, hafanyi kazi kwa kukimbizwa. Juni naosha AC moja kwa 25,000, na ukiwa nazo tatu tutaelewana. Februari ni 35,000, kuna foleni, na punguzo sina.